Mzee Talib Anaalika Dunia

Kama umewahi kuvuka barabara mbele ya ile shule ya msingi karibu na soko la Woolwich, basi Mzee Talib unamjua tayari. Ni yule wa koti la manjano linalong'aa mpaka macho yanauma, ameshika fimbo ndefu yenye kibao cha duara juu. Akikisimika kile kibao katikati ya barabara, kila kitu kinasimama: basi la ghorofa, pikipiki za kupeleka pizza, hata yule jamaa wa BMW nyeusi anayejifanya barabara kaachiwa na babu yake. Watoto wanapita, mama zao wanapita, Mzee Talib anawasalimia mmoja mmoja kwa jina, halafu anarudi pembeni kungoja wengine.

Watu wengi wanamjua mpaka hapo tu. Hawajui kwamba kazi ya kuvusha watoto ikiisha, lile koti linatundikwa nyuma ya mlango na yule mzee anageuka kuwa bwana gazeti. Yaani gazeti lake mwenyewe, linaitwa Upenuni, kurasa nane, linatoka kila mwezi, Kiswahili kitupu, hapa hapa London. Mwandishi ni yeye. Mpiga picha ni yeye, kwa simu yenye ufa kwenye kioo cha kamera. Wa kulisukuma kwenye mkoba wa magurudumu, kama bibi anayetoka sokoni, ni yeye pia. Analiacha kwenye bucha la halali, saluni, duka la kutuma mizigo Dar, na mengine anayatia kwenye posta yaende Kilburn na Stanmore. Kazi moja tu haimhusu, ya kusahihisha. Hiyo ni ya mkewe, Bi Haifa, anayekaa meza ya jikoni na kalamu nyekundu, na huruma hana.

"Baba Asad, hapa umeandika marehemu atakumbukwa kwa ucheshi wake," anasema. "Yule mtu alikuwa hacheki hata akitekenywa."

"Sasa niandikeje?"

"Andika atakumbukwa. Inatosha."

Kwao ni Pemba. Alikuja London zamani, enzi watu wa visiwani walikuwa wanaondoka kwa mambo ya siasa, na alipofika kuna kitu kimoja kilimkera kuliko baridi. Watu wanaoa, wanazaa, wanazikana, na mtu wa mtaa wa pili hana habari. Kwao habari zinapatikana upenuni, jioni, watu wamekaa wanapunga upepo. Hapa upenu uko wapi? Kuna lifti inayonuka na mlango wa kubonyeza namba. Basi akaona atengeneze upenu wa karatasi.

Miaka ikaenda. Watu wakahamia kwenye simu. Mwaka huu Mzee Talib akaanza kuona kitu asichokipenda: anakwenda saluni na toleo jipya, anakuta la mwezi uliopita liko pale pale, limewekewa kikombe cha kahawa juu. Akaondoa kikombe, akaweka toleo jipya. Lakini siku hiyo alirudi nyumbani polepole, mkoba wa magurudumu ukimfuata nyuma kama mbwa aliyenyimwa chakula.

Sasa hii habari ya maonyesho ilianzaje? Ilianza kwenye simu, cha kuchekesha. Alikuwa anaskroli, anaskroli, akaangukia stori za maonyesho ya dunia ya zamani, yale ambayo nchi zinakusanyika mji mmoja kila moja na banda lake, zinaringishiana vitu. Hata London waliwahi kufanya, ndani ya jumba zima la vioo. Lakini kilichomnasa si vioo. Aliona kwamba kwenye kamati za mambo yale, mara nyingi hukosi mtu wa gazeti. Mwenye gazeti anaandika, anapigia kelele, anakusanya watu, mji mzima unatoka.

"Mama Asad," alisema, miwani puani, "Woolwich hii ina nchi ngapi?"

"Ukisimama kituo cha basi dakika moja utamaliza dunia."

"Basi nitaandaa maonyesho ya dunia."

Bi Haifa akamtazama. "Ya dunia."

"Ya dunia. Kila watu na meza yao. Na gazeti ndilo litakaloita watu. Wakija, najua bado tunasomwa." Akavua miwani, akaifuta kwa shati muda mrefu kuliko ilivyohitaji. "Wasipokuja, toleo hilo ndilo la mwisho. Sitaki kusambaza vikalio vya vikombe."

Ukumbi alipata kwa Vaileth, dada mmoja wa Iringa anayesimamia kituo cha jamii nyuma ya soko. Vaileth ana heshima zote lakini kwenye kazi hacheki na mtu.

"Shikamoo mzee. Ukumbi nakupa bure, ila kuna watu wa mazoezi ya zumba wanautaka Jumamosi hiyo hiyo unayoitaka wewe. Niletee meza kumi zenye wenyewe, Ijumaa hii ijayo tu. Zikipungua, mzee wangu, nawapa zumba."

"Kumi? Nitakuletea thelathini."

"Niletee kumi kwanza."

Toleo likatoka. Ukurasa wa mbele mzima, herufi za kupiga kelele: MAONYESHO YA DUNIA WOOLWICH. Chini yake: Leteni vyakula vyenu, nguo zenu, kazi za mikono yenu. Wote mnakaribishwa. Pigeni simu namba hii. Mzee Talib akagawa nakala zote, akarudi, akaiweka simu mezani katikati ya chupa ya chai na sahani ya kashata, akakaa.

Simu ikawa kimya kama gruup la WhatsApp la darasa baada ya mtu kumuunga mwalimu humo ndani.

Siku ya pili ikalia. Mzee Talib akaidaka hata mlio haujaisha. Alikuwa mama mmoja wa Lewisham anauliza pipa la kutuma Tanga ni shilingi ngapi. Alikosea namba, alitaka tangazo la ukurasa wa sita.

Siku iliyofuata akatokea Cosmas. Cosmas ni Mngoni wa Songea, dereva wa teksi ya Prius, na ndiye admini wa gruup la WhatsApp la Watanzania wa upande wote huu wa mto. Anampenda Mzee Talib lakini kumtania hawezi kuacha.

"Mzee wangu, karatasi? Mwaka huu? Nani anasoma karatasi, labda samaki wanaofungiwa."

"Samaki wa hapa hawafungiwi magazeti, wanafungiwa plastiki. Hujui hata nchi unayoishi."

"Nipe picha ya huo ukurasa, niweke kwenye gruup. Mpaka jioni utakuwa unakataa watu."

Akaweka. Jioni wakakaa wote wawili kuangalia. Dole gumba, dole gumba, dole gumba, moyo, bendera, mikono ya kuomba, mtu mmoja kaandika "Big up mzee", mwingine kauliza kama kuna mtu ana chumba Abbey Wood. Madole gumba yakapita mia. Meza, sifuri.

Cosmas akakuna shingo. "Wameona lakini. Tiki za bluu zote hizi."

"Hata mimi najua wameona," alisema Mzee Talib. "Wameona ndio maana inauma."

Meza alizokuwa nazo mpaka hapo ni mbili tu: ya akina mama wa Kinepali na ya mama mmoja Mnigeria. Hao wala gazeti hawalisomi. Aliwaambia mwenyewe pale barabarani, kibao mkononi, watoto wakivuka, wakasema ndiyo hapo hapo. Yeye hakulitia maanani hilo. Alikuwa ameshaanza kuandika kichwani tangazo la kufunga gazeti, na kwa mara ya kwanza hakutaka Bi Haifa alisahihishe.

Siku nne kabla ya ile Ijumaa, akaenda bucha kununua nyama ya mifupa. Kwenye foleni mbele yake alikuwapo Bi Kijakazi. Huyu ni mama wa Wete, umri umekwenda, na kwa mkate wa kumimina London nzima hana mpinzani. Watu wanatoka mpaka Milton Keynes kuufuata. Na chini ya kwapa, Mzee Talib akaona kwa macho yake, alikuwa na Upenuni imekunjwa vizuri.

"Shikamoo, Bi Kijakazi."

"Marahaba mwanangu. Gazeti la mwezi huu zuri. Ila yule marehemu mbona umemuandikia 'atakumbukwa' tu, kama mdeni?"

"Umelisoma?"

"Nimelisoma lote. Mpaka bei za mapipa, na mimi situmi pipa."

Mzee Talib akasogea hatua moja. "Na ukurasa wa mbele?"

"Maonyesho. Vizuri. Mungu awawezeshe."

"Sasa Bi Kijakazi, mbona hujanipigia? Meza ya Pemba ni yako, nani mwingine?"

Bi Kijakazi akageuka mzima mzima, foleni ikamngoja. "Kwani nani kanialika?"

"Nimeandika hapo. Wote mnakaribishwa."

"Wote ndio nani? Mimi naitwa Wote?" Akampa muuza nyama ishara asubiri. "Talib, mtoto wa Mbarouk wewe. Babako alikuwa akiwa na shughuli anavaa kanzu anagonga mlango hadi mlango. Leo mtu anitupie habari buchani, kati ya maini na utumbo, halafu niondoke nyumbani kwangu na sinia la mkate kichwani niende? Watu wakiniuliza Bi Kijakazi nani kakwita, niseme nini? Niseme nimeona?"

Mzee Talib alitoka bila nyama. Alipofika nyumbani akamsimulia Bi Haifa, na Bi Haifa akacheka mpaka akashika kingo za sinki.

"Baba Asad. Harusi ya Asad tulialikaje?"

"Tulizunguka."

"Tulizunguka nyumba ngapi, miguu ikavimba, na gazeti unalo? Ulitia hata mstari mmoja gazetini?"

"Harusi ni harusi."

"Na wale Wanepali wako uliwaandikia?"

Hapo ndipo kichwani kwa Mzee Talib kila kitu kikasimama, kama barabara mbele ya kile kibao chake. Watu wamelisoma gazeti. Wamelisoma lote, wanajua mpaka bei za mapipa. Ila kusoma habari ni jambo moja, kualikwa ni jambo jingine, na yeye, mtu wa Pemba, mtoto wa Mbarouk, alikaa muda wote akiingoja simu. Mzungu angekosea hivyo, sawa. Lakini yeye?

"Nipigie pasi kanzu," alisema.

"Ilete hapa. Na usiende peke yako, kualika ni watu wawili."

Wa pili akawa Cosmas, kwa sababu ana gari, na kwa sababu roho ilikuwa inamsuta kuhusu yale madole gumba. Ila alikuwa na sharti. "Sisi watu wa bara, mzee, unaweza kunigongea mlango mpaka mkono uvimbe. Bila kadi, mtu hajui kama ni serious. Kadi yenye jina lake."

"Kadi tu?"

"Kadi. Na ukimpa mtu cheo kwenye kamati, hapo umemmaliza."

Mzee Talib akachapa kadi kwa karatasi iliyobaki ya gazeti, na ya kwanza kabisa aliiandika: Ndugu Cosmas, Mwenyekiti wa Usafiri. Cosmas akaisoma mara mbili, akaitia kwenye mfuko wa shati, upande wa moyo, akawasha gari bila utani wowote.

Walianza kwa Bi Kijakazi, ili yaishe. Mzee Talib akasimama kizingitini na kofia yake ya kiua, akasema kama alivyomsikia baba yake akisema: "Bi Kijakazi, nimetumwa na nafsi yangu na nyumba yangu. Talib bin Mbarouk na mkewe Haifa wana shughuli yao Jumamosi ya wiki ijayo, inshallah, wanakualika wewe na watu wako."

Bi Kijakazi akaitika taratibu kama vile hajawahi kuisikia hiyo habari maishani. "Alaa. Shughuli ya nini?"

"Maonyesho."

"Vyema. Nimealikwa, nitakuja. Mkate nitapika masinia mangapi?"

Kuanzia hapo ikawa raha tupu. Kilburn walikwenda kwa Aristide, kinyozi Mkongomani wa Bukavu, kinyozi wa maneno mengi kuliko nywele. Saluni ilikuwa imejaa, na ukutani, karibu na kioo, Mzee Talib akaona kurasa za Upenuni zimebandikwa kama mabango.

"Papa Talib, ikala kwanza," alisema Aristide. "Kwetu mutu haongeake mambo ya maana akiwa amesimama. Kula hii pondu, kisamvu chenu, nikukate na kichwa, kisha useme."

"Nywele zenyewe sina."

"Ile yenye kubakia nitaiheshimu."

Akanyolewa, akalishwa, akasema. Aristide akazima mashine, saluni nzima ikanyamaza, akatangaza kwa sauti ya kanisani kwamba Papa amefika na miguu yake kutoka Woolwich kuwaita, na kwamba asiyekuja asirudi tena kukata ndevu pale kwake. Vijana waliokuwa wanacheza na simu wakainua vichwa. Wengine walipiga hata picha ya kanzu.

Ila Stanmore ndiko Mzee Talib alikosahau kuvuta pumzi. Huko anakaa Bwana Hasmukh, Mhindi wa Mombasa, aliyekuja na wazazi wake akiwa kijana. Anapata Upenuni kwa posta, na kila mwaka anatuma salamu za Diwali kwa Kiswahili cha Mji wa Kale, lakini uso kwa uso hawajawahi kuonana. Nyumba ina bustani, imepangwa, pazia zimefungwa. Cosmas akanong'ona, "Hawa watatupigia polisi, mzee." Mzee Talib akabonyeza kengele.

Alifungua Bwana Hasmukh mwenyewe, sweta la kijivu, ndala. Akaiona kanzu. Akaiona kofia. Mzee Talib hata hajamaliza "hodi", yule mzee kashika fremu ya mlango.

"Hodi," akarudia Bwana Hasmukh polepole, kama mtu anayeonja kitu. "Mmenipigia hodi. Karibuni, karibuni ndani, chai ije." Na walipokwisha kukaa na kualika, mwenyeji akakizungusha kikombe mkononi. "Nyinyi hamjui. Tangu mamangu afe, hakuna mtu kanijia mlangoni kunialika kwa Kiswahili. Nakisoma kwenye gazeti lako, namsomea huyu mjukuu wangu. Lakini kunialika, hakuna."

Mjukuu wake, msichana wa sekondari na headphone shingoni, akasema, "I understand all of it, you know. I just can't say it."

"Kama unaelewa yote, Jumamosi utasema," alimjibu Mzee Talib. "Meza ya Mombasa ni yenu. Hakuna anayeuza mabuyu kwa Kiingereza."

Njiani kurudi, Cosmas akaendesha hadi wakavuka mto. Halafu akasema, "Mzee, nyumba zote tulizoingia gazeti lipo."

"Nimeona."

"Hata wale waliotupa dole gumba, wanalo jikoni."

"Nimeona, Cosmas. Endesha." Alikuwa anatazama dirishani ili asionekane anavyotabasamu.

Ijumaa Vaileth akapewa meza zake kumi, na nne za ziada. Akazihesabu kwa kidole, akainua simu, akawaambia zumba poleni sana.

Basi wiki ikapita, ikaja Jumamosi yenyewe, na jua lake, ile siku London inajisahau na kuwa nzuri. Ukumbi ulikuwa haujitambui. Akina mama wa Kinepali walikuwa wanafinyanga momo, zile sambusa zao za mvuke, kwa kasi ya mashine. Yule mama Mnigeria alivaa kilemba kikubwa kiasi kwamba meza ya Poland nyuma yake ililalamika haionekani. Aristide alileta kiti cha saluni kizima kwenye teksi ya Cosmas, na foleni yake ilikuwa imefika mlangoni. Mjukuu wa Bwana Hasmukh alisimama nyuma ya mabuyu mekundu akijizoeza chini kwa chini, "Karibu, onja, karibu, onja." Nje watu walishaanza kujaa, wamesimama mpaka kwenye mabanda ya matunda ya soko. Mzee Talib alikuwa ametoka na kile kibao chake cha duara, anaongoza watu kama gari.

Halafu akamuona Bi Kijakazi. Amekaa wima nyuma ya meza ya Pemba, masinia ya mkate wa kumimina mbele yake, yote yamefunikwa kitambaa cheupe, na mikono ameiweka juu ya kitambaa.

"Bi Kijakazi, tufungue. Watu wako nje."

"Sijakataa. Tunamngoja mwenye shughuli."

"Mimi nipo hapa."

"Wewe nakuona. Ulisimama kizingitini kwangu ukasema Talib bin Mbarouk na mkewe Haifa. Haifa yuko wapi?"

Mzee Talib akatazama kushoto, akatazama kulia. Kweli. Chai haipo, vikombe havipo, Bi Haifa hayupo. Alidhani atakuja nyuma yake na basi. Meza za karibu zikaanza kusikia. Bwana Hasmukh akafunika mabuyu. Aristide, mashine mkononi na kichwa cha mtu nusu kimenyolewa, akasema, "Mama wa nyumba hayuko? Basi tumekuja kwa nani?" Wanepali hawakuelewa neno, lakini walipoona wenzao wanafunika, nao wakafunika. Vaileth akaja kwa mwendo wa mtu wa kazi.

"Mzee, wale nje nitawashikilia kidogo tu. Wakianza kuondoka, hawarudi."

Mzee Talib akapiga simu.

"Mama Asad, mbona huji?"

"Kuja wapi?"

"Kwenye maonyesho."

"Aa, hayo," alisema Bi Haifa, sauti tulivu kabisa. "Nimeyaona gazetini."

Na akakata.

Mzee Talib alisimama na simu sikioni kama vile bado kuna mtu. Umeielewa, sivyo? Ametembea London nzima, Kilburn, Stanmore, amealika kinyozi, amealika Mhindi, amempa Cosmas kadi yenye cheo. Na kila mlango alisema na mkewe Haifa, na mkewe Haifa. Haifa mwenyewe, aliyepiga pasi ile kanzu, hakumuuliza, hakumwambia njoo, hakumgongea.

"Cosmas," alisema. "Lete gari."

Kutoka sokoni mpaka kwao si mbali, lakini Cosmas aliendesha kama vile wanawahi ndege, na kwenye kivuko cha shule Mzee Talib akakitoa kibao dirishani kwa mazoea tu, na gari zikasimama kweli. Lifti, kama kawaida, haifanyi kazi. Wakapanda ngazi, kanzu imeshikwa mkono mmoja, kibao mkono wa pili, Cosmas nyuma anahema. Mlangoni Mzee Talib akaingiza mkono mfukoni, akaugusa ufunguo.

Akauacha. Akaiweka sawa kofia. Akagonga.

"Hodi."

Nyayo zikasogea ndani. Kisha, "Nani?"

"Talib bin Mbarouk."

"Uko na nani?"

"Niko na Ndugu Cosmas, Mwenyekiti wa Usafiri."

"Shikamoo mama," alisema Cosmas kwa mlango.

Mlango ukafunguliwa. Bi Haifa alikuwa amesimama na buibui lake la harusi ya Asad, lile la shanga mikononi, amejipaka wanja, udi unamnukia mpaka nje kwenye ngazi. Nyuma yake kwenye korido, chupa kubwa za chai zimepangwa mstari, na vikombe kwenye boksi, vimefungwa tayari. Mtu huyu alikuwa ameamka tangu alfajiri.

Mzee Talib akakiegemeza kibao ukutani. "Haifa binti Sufian. Nimekuja kukualika. Tuna shughuli yetu leo, mimi na wewe. Nilialika watu kwa jina lako na wewe sikukualika. Nimekuja kwa miguu yangu, na kwa gari la Cosmas. Ukinikatalia ni haki yako, ila huko hakuna mtu atakayekula."

Bi Haifa akamtazama tangu kofia mpaka viatu. "Umesema vizuri," akasema. "Ungeandika, ningefuta nusu."

"Utakuja?"

"Nimealikwa, kwa nini nisije? Cosmas mwanangu, beba chupa. Usizilaze."

Alipoingia ukumbini, Bi Kijakazi aliinuka, wakapeana mikono na kubusiana mikono, salamu zikawa ndefu kama hakuna foleni inayozunguka soko. Halafu Bi Kijakazi akashika ncha mbili za kitambaa cheupe, akakivuta. Harufu ya iliki na nazi ikatoka. Aristide akawasha mashine, akamalizia ile nusu ya kichwa. Mjukuu wa Bwana Hasmukh akamuona mzungu wa kwanza anaingia, akapata moto, akasema kwa sauti, "Karibu, onja," na mzungu akaonja. Vaileth akaachia mlango, na dunia nzima ya Woolwich ikaingia, ikasukumana, ikala, ikauliza hii ni nini na ile ni nini, mpaka mkate ukaisha, mpaka chai ikaisha, mpaka Bi Kijakazi akamwambia jamaa wa BMW nyeusi, ndiyo, hata huyo alikuja, kwamba amechelewa na apanguse sinia.

Toleo lililofuata, picha ya mbele ilikuwa ni ya Bi Haifa anamimina chai, ufa wa kioo cha kamera umempita pembeni ya sikio. Chini yake Mzee Talib aliandika sifa mistari minane. Kalamu nyekundu ikaacha mmoja: Haifa binti Sufian na mumewe, waliokuwa na shughuli. Nakala saluni zikaisha kabla mtu yeyote hajaweka kikombe juu, na habari ya kufunga gazeti hakuna aliyeisikia tena, maana Mzee Talib hakuwahi kumwambia mtu mwingine zaidi ya mkewe, na mkewe ana kazi nyingi za kusahihisha.

Jumatatu moja asubuhi alikuwa barabarani kwake, koti la manjano, mvua kidogo. Vaileth akapita anawahi kazini, mwavuli mkononi.

"Shikamoo mzee. Bosi kasema mwakani ukumbi ni wako. Na anataka meza kubwa ya watu wa ofisini kwetu. Tangazo likitoka gazetini tu, nitajiandikisha."

Mzee Talib akasimika kibao katikati ya barabara, gari zikasimama, watoto wakapita.

"Usingoje gazeti, mwanangu," alisema. "Nieleze tu kengele yenu inabonyezwaje. Nitakuja mimi na mama yako."